Zamu ya Makoti

Nje ni Januari, nyuzi ishirini na sita.
Watu wa Sibu wanaiita baridi,
wanajifunga mashali hadi masikioni.
Ndani ya hema letu ni kumi chini ya sifuri.
Mlangoni, katikati ya hali hizo mbili,
nimesimama mimi, nagawa makoti.

La bluu la mkubwa, jekundu la mtoto.
Glavu baisa mia tano, pesa hairudi.
Kifuani nimebandikwa KADZO;
wanasoma Kado, naitika.
Kwetu Kaloleni
koti nililijua kwa bwana harusi tu.

Bwana Luo alitangulia wiki mbili
na patasi zake, misumeno,
na pasi. Pasi ya nguo!
Nikadhani ya mashati.
Kumbe ni ya farasi: aliipitisha taratibu
juu ya shavu la barafu, mvuke ukapanda,
shavu likabaki linang'aa kama limetoka kulia.
Kwao, alinieleza kwa mikono,
mto huganda, watu wakaukata
mche kwa mche, kama sabuni.
Nami nikamwonyesha mvua yetu ya Mei,
vidole vikishuka, vikishuka.
Akatikisa kichwa, akaniletea theluji kwenye sahani.

Wakajaa watu.
Ngome ina minara saba na ndani yake taa ya zambarau.
Birika la kahawa limeupita mlango kwa urefu.
Ngamia alivunjika pua usiku wa pili,
ikagandishwa kwa maji matupu,
na hakuna aliyejua isipokuwa sisi.
Hamdun wa ulinzi, mzaliwa wa Saiq kule milimani,
hataki hata kuchungulia:
"Kwetu ikidondoka, inadondoka bure.
Mbuzi wanaikanyaga."

Alhamisi akaja bibi mmoja na chupa ya chai.
Nikamnyooshea koti, akalinusa mabegani.
"Mwanangu, hili limeshavaliwa na wangapi?"
Kiswahili! Na kile cha mjini, cha kujivuta,
kinachokaa kwanza kabla ya kusema.
Sikumbuki nilijibu nini.
Najua foleni ilisimama, mtoto akalia,
na mimi nimemshika mkono Bi Thuwaiba
namuuliza habari za nyumbani kwake
kama ninayepajua.

Chupa ilikuwa tupu. Dada yake, kule Mabela,
hainuki kitandani mwaka wa tatu,
na ameiona ngome kwenye simu ya mjukuu,
akasema uongo, hiyo ni plastiki.
Bwana Luo hakuhitaji mkalimani.
Alichukua kibonge kilichoanguka chini ya ngamia,
patasi mara nne, mara tano, akampa ndimu,
ndimu kamili na kikonyo chake.
Ikazama chupani kwa kishindo kidogo.
"Itafika maji," nikamwambia.
"Na ifike. Atainywa.
Aliyekataa kuiona kwa macho, ataiona kwa tumbo."

Jumamosi, saa nne za usiku, mitambo ikazimwa.
Sikujua kwamba kimya nacho kina joto.
Bwana Luo alifunga patasi zake moja moja kwenye taulo,
ameipa ngome mgongo,
na alipopita kwangu akanirudishia mvua yangu:
vidole vikishuka, vikishuka.

Basi nimepiga deki ngome mimi.
Nimekamua mnara ndani ya ndoo.
Pua ya ngamia ilitangulia, kama tulivyotarajia;
birika lilikaidi hadi alfajiri.
Wanasema akiba haiozi,
sijui walikuwa wanaweka akiba ya nini.
Mpira ukayatoa maji nje, mpaka kwenye miarobaini ya barabarani,
na mchanga ukayanywa
bila kuuliza yalikuwa nani jana.

Kulipopambazuka msimamizi akataka hesabu.
Makoti mia tatu na kumi, saini hapa.
Nikahesabu: mia tatu na tisa.
Nikarudia: mia tatu na tisa.
Hamdun akacheka, akanigusa bega.
La kumi nilikuwa nimelivaa.